Meno ya Mbwa Hutunzwa Nyumbani

Nimeombwa nizungumze kuhusu utunzaji wa meno ya mbwa, na najua wamo humu wanaojiuliza kama kweli hili ni jambo la kukusanyia watu. Mbwa, watasema, hakuwahi kupigwa mswaki tangu enzi za mababu zetu, na bado anabweka, anakula, na mwizi anamwogopa. Hoja hiyo nitaijibu, kwa sababu si hoja ya kipuuzi. Ila naanza na lile hasa lililonileta. Ugonjwa unaomaliza meno ya mbwa huanza kama utando laini ambao mtu yeyote anaweza kuufuta kwa mswaki wa kawaida. Utando huohuo ukiachwa siku mbili tatu huwa mgumu kiasi kwamba mimi daktari siwezi kuuondoa ipasavyo mpaka nimlaze mbwa kwa nusukaputi. Kwa hiyo tiba kubwa ya kinywa cha mbwa iko nyumbani kwenu, mikononi mwa yule anayempa chakula. Sisi wa hospitali tunakuja baadaye, na mara nyingi tunakuja tukiwa tumechelewa.

Tukitazame kwanza kinywa chenyewe. Mbwa mzima ana meno 42: juu 20, chini 22. Mbele kabisa yako meno madogo 12, anayoyatumia kusaka viroboto kwenye manyoya na kukwangua nyama iliyobaki mfupani. Zinafuata chonge 4, ambazo mzizi wake uliozama kwenye taya ni mrefu kuliko sehemu tunayoiona. Nyuma ya chonge ni magego, na kila upande lipo gego moja kubwa la juu na jingine kubwa la chini ambayo hupishana mbwa anapofunga kinywa, yakakata nyama na ngozi. Hilo la juu nawaomba mlikumbuke. Lina mizizi 3, liko chini ya jicho kidogo tu, na mfereji mmojawapo wa mate unafungukia karibu nalo. Ndiyo maana linashika uchafu mapema kuliko mengine. Ndilo pia linalovunjika sana, na sababu yake tutaifikia.

Mtoto wa mbwa huanza kuota meno kwenye wiki ya tatu hivi, na meno yake ya utoto ni 28. Kuanzia mwezi wa nne yanapisha ya ukubwani, na akifika miezi 7 kinywa kinapaswa kuwa kimekamilika. Ukiona chonge mbili zimesimama pamoja mahali pa moja, ya utoto na ya ukubwani, mlete hospitali. Hutokea zaidi kwa mbwa wadogo wa kufugwa ndani, na chakula hunasa katikati ya meno hayo mawili mpaka fizi ikaoza. Usiing'oe kwa koleo nyumbani. Mzizi wake ni mrefu na mwembamba, unakatikia ndani, na kipande kinachobaki huleta usaha.

Sasa utando. Saa chache tu baada ya jino kusafishwa, bakteria huanza kujishikiza juu yake na kujenga tabaka laini, lenye kuteleza, ambalo macho hayalioni vizuri. Mate ya mbwa yana ualkali zaidi kuliko ya binadamu. Kwa upande mmoja hiyo ni bahati yake, kwani matundu meusi yanayotupeleka sisi kwa daktari wa meno ni nadra kwa mbwa. Lakini mate hayohayo yana madini yanayoganda upesi juu ya utando. Mnaujua ukoko mweupe unaoshika ndani ya birika linalochemshiwa maji ya kisima; ugaga wa meno ni jambo la namna hiyo. Baada ya siku mbili tatu utando unaanza kuwa ugaga, wa njano kwanza, kisha wa kahawia. Na ugaga una uso wa kukwaruza unaoshikilia utando mwingine juu yake, na huo mwingine unateremka chini ya ukingo wa fizi, mahali ambapo mswaki haufiki tena.

Huko chini ndiko hasara inakotokea. Fizi kwanza inakuwa na mstari mwekundu kwenye ukingo, inavimba, inatoa damu ikiguswa. Hatua hiyo inarudi nyuma kabisa ukisafisha. Ikipita hapo, nyuzi zinazolifunga jino kwenye taya zinakatika, mfupa unalika, na mfuko unajitengeneza kati ya jino na fizi. Mfupa uliolika hauoti tena. Ninaweza kuuzuia ugonjwa usiendelee, lakini siwezi kurudisha kilichokwenda. Mbwa walio wengi wakifika miaka 3 tayari wana dalili za mwanzo za ugonjwa huu, na hakuna ugonjwa mwingine unaowapata mbwa wazima kwa wingi kuliko huu. Kwa mbwa wadogo, wenye meno makubwa yaliyobanana kwenye taya nyembamba, nimeona taya linavunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi.

Kwamba mswaki unazuia haya, hatukisii. Katika miaka ya 1970 Jan Lindhe wa Sweden na wenzake walitaka kuelewa ugonjwa wa fizi wa binadamu, wakatumia mbwa aina ya Beagle. Kundi moja lilipigwa mswaki mara 2 kila siku, kundi jingine likaachwa utando uongezeke. Kazi hiyo ilichukua miaka 4, na matokeo yakachapishwa mwaka 1975. Mbwa waliopigwa mswaki walibaki na fizi nzima. Wale walioachwa walivimba fizi mapema, na kadiri miaka ilivyopita wengi wao walianza kupoteza mfupa unaoshika meno. Sehemu ya yale ambayo daktari wa meno anakwambia wewe juu ya fizi zako ilithibitishwa kwenye vinywa vya mbwa. Naona ni haki na wao wafaidike nayo.

Nirudi kwenye hoja ya mababu. Mzee mmoja aliniambia: mbwa wa kijijini anatafuna mifupa, na mifupa ndiyo mswaki wake. Kuna ukweli kidogo ndani yake, kwa sababu kutafuna kitu kigumu hukwangua ugaga kwenye ncha za magego. Lakini tumtazame jamaa yake anayeishi kwa mifupa na ngozi na nyama mbichi maisha yake yote: mbwa mwitu wetu wenye mabaka, wale wa Ruaha na wa Hifadhi ya Nyerere. Mafuvu ya mbwa mwitu wa aina hii yalichunguzwa, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1999. Yalikutwa meno yaliyolika, meno yaliyovunjika, na mifupa iliyoliwa na ugonjwa wa fizi. Kama mifupa ingetosha, hao wangekuwa na vinywa safi kuliko mnyama yeyote. Na mbwa wa kijijini wa zamani mara nyingi hakufika umri wa kuteswa na fizi. Chatu, gari, magonjwa ya milipuko na njaa vilimtangulia. Leo tunawachanja, tunawalisha, wanaishi miaka 10, 12, hata 14. Tumewaongezea miaka, na miaka hiyo inahitaji meno.

Mifupa ina hasara nyingine. Ngozi ngumu ya jino, ile enameli, kwa mbwa ni nyembamba sana. Unene wake haufikii milimita 1. Lile gego la juu nililowaomba mlikumbuke, mbwa analitumia kuvunjia. Anaweka mfupa wa paja la ng'ombe upande wa shavu, anabana, na kipande cha jino kinabanduka chote, mara nyingi mpaka kiini cha jino kikaonekana kama nukta nyekundu. Siku chache baadaye nukta inakuwa nyeusi, mbwa anaonekana kapoa, na mwenye mbwa anasema amepona. Hajapona. Kiini kimekufa, bakteria wanashuka kwenye mizizi, na baada ya miezi unaona uvimbe chini ya jicho unaopasuka na kutoa usaha. Watu huleta mbwa huyo wakiamini jicho limechomwa na mti au ameumwa na nyuki. Wanapewa dawa, uvimbe unakauka, unarudi. Utaendelea kurudi mpaka jino lishughulikiwe.

Mifupa iliyopikwa ni mibaya zaidi, kwa kuwa inapasuka vipande vyenye ncha vinavyochoma koo na utumbo. Kwato na pembe ziwekeni katika kundi hilohilo la hatari. Kipimo ninachowapa watu ni rahisi: bonyeza kitu hicho kwa ukucha wa kidole gumba. Kama ukucha hauachi alama, ni kigumu mno kwa meno ya mbwa. Mawe sihitaji kuyasema, ingawa wapo mbwa wanaoyapenda na wenye nyumba wanaofurahia kuwarushia.

Jingine linahusu mbwa wetu wa ulinzi. Tumezoea kumfungia bandani mchana kutwa na kumfungulia usiku. Mbwa mwenye nguvu, aliyefungwa saa 12 bila kazi, anang'ata wavu wa waya na nondo za mlango. Ukimfungua kinywa unakuta chonge zimelika upande wa nyuma, zimebaki nyembamba, na siku moja zinakatika. Mbwa huyo hana ugonjwa wa meno. Ana ugonjwa wa kufungwa. Mswaki hautamsaidia. Atasaidiwa na matembezi asubuhi, banda lenye nafasi na kivuli, na kitu cha mpira mgumu cha kutafuna. Nawaomba wenye mbwa wa namna hii walichukulie kwa uzito, kwa sababu tunamtegemea atulinde kwa meno hayohayo tunayomwachia ayamalize kwenye waya.

Kabla sijafika kwenye mswaki, nasimama kidogo kwenye jambo la uhai wa watu. Nawaambieni mtie mikono kwenye kinywa cha mbwa, na katika nchi zetu kichaa cha mbwa bado kipo na kinaambukizwa kwa mate. Usianze kazi hii kwa mbwa ambaye hajachanjwa. Chanjo inaanza akiwa na miezi 3 na inarudiwa kila mwaka, na kampeni nyingi hufanyika karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Na sikilizeni hili kwa makini zaidi. Si kila mbwa mwenye kichaa anakimbia akiuma watu. Wapo wanaonyong'onyea tu: taya la chini linaning'inia, udenda unatoka, hawawezi kumeza, sauti inabadilika. Mwenye mbwa anaona kama mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono autoe. Usifanye hivyo kamwe. Mfungie mahali pa peke yake, mwite daktari wa mifugo. Kama mate yake yamegusa jeraha au mchubuko, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Wapo pia ndugu zetu Waislamu, na pwani hii wengi wanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi na hutaka chombo alichoramba kioshwe mara 7, mojawapo kwa udongo. Wanafuga mbwa wa ulinzi na wa mifugo, jambo ambalo dini imeliruhusu, na wameniuliza watafanyaje. Hukumu ya dini nawaachia masheikh. Kwa upande wangu nasema mswaki wenye mpini mrefu, glavu, nguo ya kazi maalumu na ndoo ya mbwa isiyochanganywa na vyombo vya ndani vinatosha kabisa kwa kazi, na ni usafi ambao ningemshauri mtu wa dini yoyote.

Haya, mswaki. Chukua mswaki laini wa mtoto mdogo. Kwa mbwa mdogo sana, au siku za mwanzo, zungusha kipande cha bandeji kwenye kidole. Chagua saa ambayo mbwa ametulia, na ni vizuri iwe kabla tu ya chakula cha jioni, ili chakula kiwe malipo yake. Usimsimamie kwa juu wala kumbana katikati ya miguu. Kaa au chuchumaa pembeni yake. Siku za kwanza usilete mswaki kabisa. Mshike kidevu, inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, tazama, mwachie, msifu. Akizoea hilo bila kugeuza kichwa, pitisha kidole juu ya meno na fizi. Baada ya hapo mpe mswaki aurambe ukiwa na dawa yake. Ukiharakisha wiki ya kwanza utapigana naye mwaka mzima. Kwa mbwa mtulivu mazoea haya huchukua wiki mbili hivi, kwa mwenye wasiwasi mwezi au zaidi, na mtoto wa mbwa anayeanzishwa mapema hukua akiona ni sehemu ya maisha.

Ukifika kwenye kusugua kwenyewe, kinywa hakihitaji kufunguliwa. Hapa watu wengi wanapata taabu bure. Acha taya zimefungwa, inua mdomo wa juu tu, vuta kidogo pembe ya kinywa nyuma, na ingiza mswaki kati ya shavu na meno. Uelekeze nywele za mswaki kwenye mpaka wa fizi na jino, kwa kuinama nusu ya pembe mraba, kisha zungusha taratibu. Anza na magego ya juu, maana ndiko ugaga unakoanzia, malizia kwenye chonge. Upande wa ndani ulimi unasaidia kuusafisha, hivyo usihangaike nao. Sekunde 30 kila upande zinatosha. Hata akikupa sekunde 10 tu leo, zipokee, mpe chakula chake, kesho atakupa 15.

Kila siku. Najua neno hili linachosha, lakini halina njia ya mkato, kwa sababu linatokana na zile siku mbili tatu ambazo utando unahitaji ili uwe ugaga. Anayesugua mara moja kwa wiki anasugua juu ya jiwe. Ukishindwa kila siku, fanya siku moja na kuacha moja. Chini ya hapo faida inakuwa ndogo mno. Chama cha madaktari wa wanyama wadogo duniani, WSAVA, kilitoa mwongozo wake wa meno mwaka 2017, na ndani yake kupiga mswaki nyumbani ndiko kumewekwa mbele ya njia nyingine zote za utunzaji wa nyumbani.

Nani asugue? Katika nyumba nyingi za mjini, mwenye mbwa kwenye karatasi si yule ambaye mbwa anamjua. Anayemlisha ni mlinzi, au kijana wa bustani, au dada wa kazi, na huyo ndiye mbwa atakayemfungulia mdomo. Basi afundishwe yeye, aje naye hospitali siku ya uchunguzi aone kwa macho yake, na iwe kazi inayotambuliwa katika malipo yake. Kumwongezea mtu jukumu la kutia mkono kwenye kinywa cha mbwa mkali bila mafunzo, bila glavu na bila shukrani ni dhuluma. Na kama mbwa ni mkali hata kwake, asilazimishwe. Hakuna jino la mbwa lenye thamani ya kidole cha mtu.

Dawa ya meno ya binadamu usiitumie. Mbwa hawezi kusukutua na kutema. Kila unachoweka atakimeza, pamoja na floraidi na sabuni ya povu. Hatari kubwa zaidi ni sukari ya bandia iitwayo zailitoli, ambayo imo katika baadhi ya dawa za meno na katika jojo zisizo na sukari. Kwa binadamu haina neno. Kwa mbwa inaifanya kongosho imwage insulini kwa wingi, sukari ya damu ikaanguka, wakati mwingine ndani ya nusu saa. Anayumba, anatapika, anapata degedege, na kiasi kikubwa kinaharibu ini. Akila kitu cha namna hiyo usisubiri dalili, kimbia naye hospitali. Chumvi, magadi, maji ya ndimu, majivu na mkaa uliosagwa viacheni pia, kwa sababu ya sodiamu kwenye viwili vya mwanzo, asidi kwenye ndimu, na mikwaruzo ya majivu na mkaa juu ya enameli ambayo tumekwisha kusema ni nyembamba. Zipo dawa za meno za mbwa, zenye ladha ya kuku au nyama, kwenye maduka ya wanyama mijini. Kama hakuna karibu au bei inakushinda, tumia maji matupu. Kinachoondoa utando ni nywele za mswaki. Dawa inamshawishi mbwa akubali tu.

Kuhusu chakula nitasema machache. Ugali na dagaa si sumu kwa meno, lakini chakula laini kinachonata hakisugui chochote, na mabaki yake hukaa. Chakula kikavu cha dukani nacho hakisafishi kama matangazo yanavyodai, kwani mbwa wengi huvunja punje kwa ncha ya jino au huimeza nzima. Vipo vyakula na vitafunwa vilivyotengenezwa mahsusi ili jino lizame ndani kabla havijavunjika, na nchini Marekani lipo baraza linalopitia ushahidi wa bidhaa hizo na kuzipa alama ya herufi VOHC. Kwa mbwa asiyekubali mswaki, kitafunwa chenye alama hiyo ni msaada wa kweli. Kwa anayekubali, ni nyongeza.

Yapo meno yanayoharibika kabla hata hayajaota. Mtoto wa mbwa akiugua distempa wakati enameli inajengwa, meno ya ukubwani huota yakiwa na vishimo vya kahawia, yanakwaruza, yanashika utando maradufu. Kinga yake ni chanjo. Na dawa za jamii ya tetrasaiklini, ambazo kwetu zinanunuliwa dukani kwa urahisi kupita kiasi, akipewa jike mwenye mimba au mtoto wa mbwa, zinayatia meno rangi ya njano isiyotoka. Usimpe mbwa mdogo dawa iliyobaki ya ng'ombe.

Watu huniuliza kwa nini tusiukwangue ugaga wenyewe, na nimeletewa mbwa waliokwanguliwa kwa kisu cha mfukoni, bisibisi, hata kikata kucha. Jino linabaki jeupe kwa nje na mwenyewe anaridhika. Chini ya fizi, kunakoumiza, hakuna kilichoguswa, na uso wa jino umebaki na mikwaruzo inayoshika utando upesi kuliko mwanzo. Hata daktari hawezi kufanya kazi hiyo sawasawa kwa mbwa aliye macho. Nusukaputi inatuwezesha kuingia chini ya fizi bila kumtesa, kupiga picha ya eksirei ya mizizi palipo na mashine, kuweka mpira kooni ili maji na uchafu visiingie mapafuni, na kumalizia kwa kung'arisha uso wa jino. Nusukaputi ina hatari zake, na kwa mbwa mzee tunapima damu na kusikiliza moyo kabla. Lakini kinywa kilichojaa usaha nacho kina hatari zake, kwa kuwa bakteria wanaingia kwenye damu kila anapotafuna, na tafiti zimeuhusisha ugonjwa mkali wa fizi na mabadiliko ya figo, ini na moyo.

Neno la mwisho juu ya maumivu. Watu huwatetea mbwa wao kwa kusema: lakini anakula. Anakula, ndiyo. Mbwa ataendelea kula akiwa na jino lililovunjika na taya lenye usaha, kwa sababu njaa inayashinda maumivu na kwa sababu hana desturi ya kulalamika. Ataanza kutafuna upande mmoja, ataangusha punje, ataacha kubeba mpira, atasugua uso kwenye mkeka, atapiga chafya yenye damu upande mmoja wa pua. Na kinywa kitanuka. Harufu kali ya kinywa cha mbwa tumeizoea mpaka tukaihesabu kuwa ndiyo mbwa. Mbwa mwenye kinywa kizima hanuki hivyo. Mara nyingi, baada ya kutibu, mwenyewe hurudi kuniambia mbwa amekuwa kama kijana tena, kumbe alikuwa hajazeeka, alikuwa anaumwa.

Ombi langu kwenu ni dogo. Leo jioni, kama mbwa wako amechanjwa na anakuamini, inua mdomo wake wa juu na ulitazame lile gego kubwa chini ya jicho. Likiwa jeupe na fizi ina rangi yake ya kawaida, ya waridi au nyeusi kwa mbwa wenye fizi nyeusi, nunua mswaki wa mtoto na uanze wiki hii. Ukiona ugaga wa kahawia, fizi nyekundu inayotoa damu, jino linalotikisika au uvimbe wowote, mswaki usubiri. Kumsugua mbwa mwenye kidonda ni kumfundisha akuogope. Mlete kwanza hospitali ya mifugo iliyo karibu nawe, atibiwe, na mswaki uanze baada ya hapo.